Umri wa mfanyakazi mbele ya hakimu wa Kisangani

Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayedai kwamba ameachishwa kazi kwa sababu ya uzee huanza kwa kuulizwa ana miaka mingapi, na nani anaushuhudia umri huo.

Enzi mji huu ulipoitwa Stanleyville, karani ndiye aliyejibu. Vijana walioingia mjini kubeba mizigo bandarini, au kufanya kazi kwenye reli ya kilomita 125 iliyofika Ponthierville, Ubundu ya leo, mwaka 1906, wengi wao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Karani alimtazama mtu usoni, akakisia mwaka, akauandika, na kisio hilo likamwandama hadi uzeeni. Mwaka 1972 Rais Mobutu akaamuru majina ya Kikristo yaachwe, ndipo Joseph wa kitabu cha kazi akawa mtu mwingine kwenye kitambulisho.

Sheria ya familia ya 1987 ilidai kila mtoto aandikishwe. Marekebisho ya 2016 yakawapa wazazi siku 90. Ambaye hakuandikishwa huomba hukumu ya kushika nafasi ya cheti, na hapo umri hutoka vinywani mwa watu: shangazi anayekumbuka kwamba mtoto alikuwa ameanza kutembea waasi wa Simba walipouteka mji, Agosti 1964.

Kesi ya kazi nayo ina ugumu wake. Kifungu cha 62 cha sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 kinakataza kumfukuza mtu kwa rangi, jinsia, mimba, dini, siasa au kabila. Umri haukutajwa. Tanzania, katika sheria yake ya 2004, iliutaja, na mfanyakazi akionyesha dalili za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kujitetea. Kwetu Kongo wakili hushambulia sababu iliyoandikwa kwenye barua. Kama barua inasema kazi imepungua, mbona kijana aliajiriwa mahali palepale muda mfupi baadaye?

Kabla ya hakimu, shauri hupita kwa mkaguzi wa kazi ili wapatane. Wakishindwa, mahakama ya kazi iliyoundwa na sheria nyingine ya 2002 humketisha hakimu pamoja na wasaidizi wawili, mmoja wa waajiri, mmoja wa wafanyakazi. Shahidi huulizwa kama ni ndugu wa mmoja wa wenye kesi au anamtumikia. Swali hilo lina uzito mkubwa, maana mwenzako wa karakana bado analishwa na bosi unayemshtaki.

Mimi naamini mzee anayechanganya miaka asiitwe mwongo upesi. Anayekariri kila tarehe bila kusita ndiye wa kuhojiwa zaidi, na maneno ya wote wawili yapimwe kwa orodha za mishahara.

Tangu sheria ya hifadhi ya jamii ya 2016, pensheni hupatikana kwa miaka 60, mwanamume kwa mwanamke. Aliyekisiwa mdogo kuliko alivyo huingoja pensheni huku nguvu zimekwisha. Aliyekisiwa mkubwa hustaafishwa akiwa bado na watoto wa kusomesha. Bunge likiingiza umri katika kifungu cha 62, wote wawili watakuwa na pa kusimamia.