Ziwa Kivu: Jinsi mgandamizo wa maji unavyoifungia gesi kilindini

Ziwa Kivu, lililo mpakani mwa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, limehifadhi kilindini mwake takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidioksidi na 60 za methani, zikipimwa kama zingekuwa juu ya ardhi. Gesi hizo hazionekani kwa kuwa zimeyeyuka ndani ya maji, na kinachozizuia zisitoke ni mgandamizo wa maji yaliyo juu yake. Kwa wakazi wa Goma, Gisenyi, Bukavu na vijiji vya mwambao, kuuelewa mgandamizo huo ni kuelewa usalama wao.

Mgandamizo ni nini?

Mgandamizo, ambao vitabu vya fizikia huuita pia kanieneo, ni kiasi cha kani inayosukuma kila kipande cha eneo. Katika maji yaliyotulia, kani hiyo husukuma pande zote, si kwenda chini pekee, nayo huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa angahewa katika usawa wa bahari. Hivyo, kwenye kina cha mita 300, mgandamizo ndani ya Kivu hufikia takriban mara 30 ya ule wa ufukweni mwa bahari.

Mfano wa mchemraba wa maji

Tuchukue sehemu ya maji yenye umbo la mchemraba, kila upande wake ukiwa na urefu wa mita moja, na uso wake wa juu ukiwa kwenye kina hicho cha mita 300. Kila uso kati ya nyuso zake sita husukumwa na maji ya jirani kwa kani ya nyutoni zipatazo milioni 3. Hata hivyo, mchemraba huo hauendi popote.

Kani za ubavuni zinalingana na kukabiliana, kwa hiyo zinafutana. Zile za juu na chini hazilingani: uso wa chini uko mita moja zaidi kilindini, hivyo unasukumwa kwenda juu kwa nguvu inayozidi kidogo ile inayousukuma uso wa juu kwenda chini. Ziada hiyo ni takriban nyutoni 9,800, ambazo ndizo uzito wa maji yenyewe ya mchemraba, yaani kilo 1,000. Basi, kinachoweza kuyasogeza maji si ukubwa wa mgandamizo, bali tofauti yake kati ya upande mmoja na mwingine. Kanuni hii ni ileile ya Archimedes, mtaalamu wa Syracuse aliyeishi karne ya 3 kabla ya Kristo.

Kwa nini maji ya Kivu hayachanganyiki?

Maji ya kilindini mwa Kivu yana joto zaidi kuliko ya juu, lakini yamebeba chumvi na kabonidioksidi nyingi, na kwa hiyo ni mazito zaidi. Yakiinuliwa kidogo, uzito wake hushinda msukumo wa maji ya jirani, nayo hurudi chini. Ndivyo tabaka la gesi linavyobaki mahali pake.

Viputo huanza kutokea pale tu mgandamizo wa gesi zilizoyeyuka unapouzidi ule wa maji. Vipimo vya Kivu vimeonyesha kuwa gesi imefikia takriban nusu ya kiwango hicho. Kikipitwa, viputo huyafanya maji kuwa mepesi. Yakipanda, mgandamizo hupungua, viputo huongezeka, na maji mengine huvutwa kutoka chini.

Mkasa wa aina hiyo ulitokea nchini Kamerun katika ziwa Nyos, Agosti 21, 1986, ambapo kabonidioksidi iliua watu wapatao 1,700. Tangu mwaka 2001, mabomba yamewekwa huko ili kuipunguza gesi polepole.

Hatari na faida

Mwaka 2002, lava ya volkano Nyiragongo ilipita Goma na kuingia ziwani. Gesi haikulipuka, kwa sababu tabaka lenye gesi nyingi liko chini zaidi, kupita mita 250.

Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 huzalisha umeme kwa methani ya ziwa hilo. Bomba hushushwa hadi kilindini, na maji yakishaanza kupanda, viputo vyenyewe huyainua. Baada ya gesi kutenganishwa, maji hurudishwa chini, kwenye kina kilichochaguliwa ili yasivuruge matabaka.

Wasomaji wasichanganye hatari hii na mazuku yanayojulikana Goma. Mazuku ni kabonidioksidi itokayo ardhini na kujikusanya mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Tahadhari yake ni kutoingia mashimoni na sehemu za chini zinazojulikana kuwa nayo, hasa usiku na alfajiri, na kutowaacha watoto wala mifugo kulala humo.