Jinsi ya kubadili filta ya oili ya Land Cruiser nyumbani bila kuua injini

Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda 6 na cc 4164, zimejaa Afrika Mashariki. Zinabeba watalii mbugani, wagonjwa vijijini na mizigo ya mashambani. Sifa yao ni kutokufa haraka. Lakini hata injini ngumu kama hii inaweza kufa njiani kwa sababu ya mpira mdogo tu wa filta ya zamani uliosahaulika.

Filta inafanya kazi gani?
Oili inapozunguka ndani ya injini hubeba masizi, vumbi na chembe za chuma. Filta ndiyo inayovinasa. Ikiziba, vali ndogo hufunguka na oili hupita bila kuchujwa, ili injini isikauke. Gari la vumbi na matope huchafua oili mapema kuliko gari la lami. Ndiyo maana mafundi wengi hubadili oili na filta kwa pamoja kila kilomita 5,000.

Andaa hivi
Oili inayotajwa kwenye kitabu cha gari, filta mpya, washa mpya ya nati ya kumwagia oili, spana, spana ya filta, beseni kubwa, glovu na matambara. Injini hii inameza lita 9 hadi 10, kwa hiyo beseni la kuoshea vyombo halitoshi.

Hatua kwa hatua

1. Egesha sehemu tambarare, vuta handibreki, weka mawe kwenye matairi. Gari hili liko juu, mara nyingi unaingia chini bila jeki. Ukilazimika kulinyanyua, weka stendi. Usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Washa injini dakika chache ipate joto kidogo, kisha zima. Oili ya vuguvugu hutoka vizuri. Ya moto sana inaunguza.

3. Fungua mfuniko wa juu wa oili, kisha nati ya chini. Iache oili ichuruzike hadi iwe matone. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji yameingia. Mwone fundi kabla ya kuendelea.

4. Legeza filta ya zamani, ukiwa na beseni chini yake. Ikitoka tu, igeuze uangalie: mpira wake wa duara upo? Kama haupo, umebaki umeganda kwenye injini. Utoe. Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, itaonekana imekaza vizuri, lakini presha ikipanda mipira hiyo miwili hupishana na oili humwagika yote ukiwa barabarani.

5. Futa sehemu inapokaa filta. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, kisha ifunge kwa mkono. Mpira ukigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Usiikaze kwa spana. Utaharibu mpira na siku nyingine haitafunguka.

6. Rudisha nati na washa yake mpya. Jaza oili kidogo kidogo huku ukipima kwa stiki.

7. Washa injini bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili izime, au geji ya presha ipande, ndani ya sekunde chache. Isipokuwa hivyo, zima mara moja. Chungulia chini: kukiwa na tone lolote, tafuta linatoka wapi.

8. Zima, subiri dakika 5, pima tena. Oili iwe kati ya alama mbili za stiki. Usizidishe.

Usisahau
Filta ya bei ya kutupa inaweza kuwa feki, na kwa macho ni vigumu kuitambua. Nunua kwa muuzaji unayemwamini. Oili chafu usiimwage chini wala mtaroni, maana huishia kwenye visima. Iweke kwenye dumu uipeleke gereji inayokusanya.

Mwisho, andika kilomita za siku hiyo, na kesho asubuhi angalia tena chini ya gari kabla ya kusafiri.