Kuhesabiwa Watu: Kisa cha Taurati na Sensa Yetu

 

Kabla ya sensa ya Agosti 26, 2012, baadhi ya Waislamu nchini walikataa kuhesabiwa mpaka lirejeshwe swali la dini, lililoulizwa mara ya mwisho mwaka 1967. Hapa Sumbawanga, ambako Wakatoliki ni wengi, tuliulizwa msikitini jambo jingine: je, si kweli kwamba kuhesabu watu huleta tauni? Muulizaji alilisikia kwa jirani yake Mkristo.

Kisa hicho kimo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 24. Daudi (a.s.) anamtuma jemadari wake Yoabu akahesabu watu. Anazunguka miezi tisa na siku ishirini, anarudi na wapiganaji 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda. Inashuka tauni, wanakufa 70,000. Mambo ya Nyakati inasimulia kisa hicho hicho kwa 1,100,000 na 470,000, na aliyemshawishi Daudi si Mungu tena, ni Shetani! Itikadi yetu ni kwamba Mitume wamehifadhiwa, na kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Basi hatulazimiki kukipokea kisa hiki kama kilivyo.

Na Taurati yenyewe haikatazi kuhesabu. Kitabu chake cha nne kwa Kiswahili kinaitwa Hesabu, na humo Musa (a.s.) anaamriwa kuwahesabu wanaume wa vita: 603,550. Walawi walihesabiwa peke yao kwa kazi ya hema. Katika Kutoka, mlango wa 30, kila anayehesabiwa hutoa nusu shekeli, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze, iwe fidia ya nafsi yake ili tauni isimpate. Baadhi ya wafasiri wa Kiyahudi wanasema kosa lilikuwa kuiacha fidia hiyo.

Ufipa, hofu ina asili iliyo karibu zaidi. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, Waingereza wakaiendeleza pamoja na kodi ya kichwa. Kwa wazee wetu, kuhesabiwa kulikuwa ni kutozwa.

Ndugu msomaji, litazame neno lenyewe. Kiebrania husema paqad, na herufi zake ndizo faa, qaaf na daal za Kiarabu. Kutokana nazo tunapata tafaqqada, kukagua nani hayupo. Ndilo neno la Suratun-Naml, aya ya 20, Sulaiman (a.s.), mwana wa Daudi, alipowakagua ndege akamkosa Hud-hud. Anayehesabu hivyo anawajua walio chini yake.

Mtume (s.a.w.) naye, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Hudhaifa (r.a.), aliamuru yaandikwe majina ya waliotamka Uislamu, wakapatikana wanaume 1,500. Haikushuka tauni.

Sensa ya 2012 ilipata watu 1,004,539 mkoani Rukwa, na ya 2022 ikapata 1,540,519. Zote mbili hazikuuliza dini, na hilo tunaona bado linajadilika. Hoja ya tauni haina msingi.

Muulizaji wetu hakuridhika. "Na anayejificha siku ya kuhesabiwa, sheikh?" Tukamrudisha kwa Hud-hud: aliahidiwa adhabu kali isipokuwa alete hoja iliyo wazi, naye akaja na habari ya yakini kutoka Sabaa.

Wallahu a'lam.