Tiketi ya kurudi: Usiilipie kabla ya viza, usifike uwanjani bila kuwa nayo

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MKAZI wa Mwanza anayejiandaa kwenda nje ya nchi kwa viza ya matembezi huulizwa habari ya tiketi ya kurudi mara tatu: ubalozini anapoomba viza, kwenye kaunta ya shirika la ndege siku ya safari, na mbele ya ofisa wa uhamiaji wa nchi anayokwenda. Watatu hao hawaulizi jambo lile lile. Anayeyachanganya maswali yao huweza kupoteza mamilioni ya shilingi kabla ya kuondoka, au kuachwa na ndege akiwa na viza mkononi.

Tuanze na ubalozi. Nchi nyingi hazimtaki mwombaji alipie tiketi kabla ya kupewa viza. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009, inayotumika katika nchi za Schengen, inataja nafasi iliyowekwa kwenye ndege, au tiketi ya kurudi, kuwa kielelezo kimojawapo cha nia ya kurejea nyumbani. Vielelezo vingine ni uwezo wa fedha, ajira, mali isiyohamishika na uhusiano wa kifamilia. Maana yake ni kwamba nafasi isiyolipiwa hukubalika, na kwamba barua ya mwajiri au hati ya nyumba ya Nyegezi vinaweza kuwa na uzito kuliko tiketi.

Uingereza nayo huwashauri waombaji wasilipie safari kabla ya uamuzi kutolewa. Inachotaka ni mgeni aonyeshe ana fedha za kutosha kwa ziara yake yote, nauli ya kurudi ikiwamo. China kwa kawaida huomba uthibitisho wa nafasi ya kwenda na kurudi pamoja na hoteli, au barua ya mwaliko, jambo ambalo wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Guangzhou wanalifahamu vizuri.

Marekani ni habari nyingine. Sheria yake ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inamchukulia kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anakusudia kuhamia huko mpaka amridhishe ofisa wa ubalozi vinginevyo. Tiketi, hata iliyolipiwa yote, haiondoi dhana hiyo. Oktoba 2025 nchi hiyo iliiingiza Tanzania katika orodha ya mataifa ambayo raia wake wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000 kabla ya kupewa viza ya matembezi au biashara. Tangazo la rais wa nchi hiyo la Desemba 2025 lilikwenda mbali zaidi, likasitisha utoaji wa viza hizo kwa Watanzania kuanzia Januari 1, 2026. Anayekusudia kwenda huko aulize kwanza ubalozini kama maombi yanapokelewa, ndipo amwendee wakala wa tiketi.

Nafasi iliyowekwa na tiketi ni vitu viwili tofauti. Wakala anapoweka nafasi, msafiri hupata namba ya herufi na tarakimu 6. Namba hiyo ina muda wake, na usipolipa mfumo huifuta wenyewe. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya pili yenye tarakimu 13, na 3 za mwanzo hutambulisha shirika la ndege, kwa mfano 071 kwa Ethiopian Airlines, 176 kwa Emirates na 706 kwa Kenya Airways. Tangu Juni 2008, mashirika yaliyo chini ya IATA yalipoacha tiketi za karatasi, namba hiyo ndiyo tiketi yenyewe. Karatasi nzuri yenye nembo ya shirika lakini isiyo na tarakimu 13 ni nafasi tu.

Muda ni jambo la kuangalia. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ingawa unaweza kufika siku 45. Kwa hiyo weka nafasi siku chache tu kabla ya kuwasilisha maombi, na mwulize wakala itaisha lini. Anayekuuzia karatasi ya kughushi hakupunguzii gharama. Uingereza inaweza kumfungia miaka 10 mwombaji aliyedanganya.

Baada ya viza kutoka, hali hugeuka. Kwenye kaunta ya shirika la ndege nafasi isiyolipiwa haina kazi. Chini ya Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, shirika lililomleta abiria aliyekataliwa kuingia ndilo linalopaswa kumwondoa. Ulaya, kwa agizo la mwaka 2001, huyatoza faini mashirika yanayoleta watu wasio na hati zinazotakiwa. Ndiyo sababu mfanyakazi wa kaunta hufungua mfumo wa Timatic, unaoorodhesha masharti ya kila nchi, na kuyafuata bila huruma. Kwa Afrika Kusini, kwa mfano, Mtanzania hahitaji viza kwa matembezi ya hadi siku 90, lakini anayekwenda kwa ndege anatakiwa kuwa na tiketi ya kurudi au ya kuendelea mbele. India nayo humtaka mwenye viza ya mtandaoni awe na tiketi hiyo na fedha za matumizi.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa kuna mtego wa ziada. Safari nyingi za nje huanza kwa ndege ya Mwanza hadi Dar es Salaam. Kama kipande hicho kimo katika tiketi moja na safari yote, ni lazima kitumike. Wapo wanaotangulia Dar kwa basi ili wawaage ndugu, wakidhani wataungana na ndege huko. Shirika likiona abiria hakupanda Mwanza, linaweza kufuta vipande vyote vilivyobaki, cha kurudi kikiwamo. Ukinunua tiketi mbili tofauti unaepuka hilo, ila ndege ya Mwanza ikichelewa, shirika la pili halilazimiki kukusubiri wala kukufidia.

Tiketi ya kurudi si lazima iishie Mwanza. Inaweza kuishia Nairobi au Entebbe, kwa kuwa chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, Mtanzania huingia Kenya na Uganda bila viza. Kutoka huko atafika nyumbani kwa basi kupitia Sirari au Mutukula.

Ofisa wa uhamiaji wa nchi ya ugeni ndiye mwenye neno la mwisho, kwani viza hairuhusu zaidi ya kufika mlangoni. Yeye hutazama kama tarehe ya kurudi inalingana na maelezo ya ubalozini. Kwa Schengen, siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa katika zile 90 ndani ya siku 180.

La kuogopesha zaidi linawahusu vijana wanaopelekwa Oman na Falme za Kiarabu kwa viza ya matembezi huku wakiahidiwa kazi. Wakala huweza kununua tiketi ya kwenda na kurudi ili abiria apite kaunta, kisha akafuta kipande cha kurudi na kurudishiwa fedha, kwa kuwa marejesho humwendea aliyelipa. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 ilieleza jinsi wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania katika nchi hizo walivyonyang'anywa pasipoti na kukosa njia ya kurudi. Msafiri aingize namba yake ya nafasi kwenye tovuti ya shirika kabla ya kuondoka, na tena akishafika, aone kama kipande cha kurudi bado kipo.

Anayelipa mwenyewe asitazame bei pekee. Tiketi ya bei ya chini mara nyingi hairejeshwi wala kubadilishwa tarehe, na mgonjwa anayekwenda kutibiwa India ni nadra kujua siku atakayoruhusiwa. Kabla ya kutoa fedha, mwombe wakala akuandikie mambo mawili: kiasi kitakachorudi ikiwa safari itavunjika, na gharama ya kusogeza tarehe. Hata tiketi isiyorejeshwa inaweza kuwa na kodi za viwanja vya ndege zinazorudishwa, lakini sharti uziombe.