Sauti ambazo mashine haikufundishwa

Mwaka 1952 maabara za Bell nchini Marekani ziliunda Audrey, mtambo uliotambua tarakimu kuanzia sifuri hadi tisa, ilmradi msemaji atue kidogo baada ya kila moja na awe mtu ambaye mtambo umeshaizoea sauti yake. Mwaka 1990 kampuni ya Dragon Systems, iliyoanzishwa na James na Janet Baker, ikaanza kuuza DragonDictate kwa takriban dola 9,000. Mtu asiyeweza kutumia mikono aliweza sasa kuandika barua kwa kutamka neno moja moja. Mwaka 1997 likaja toleo lililopokea maneno yanayofuatana kama katika mazungumzo, tena kwa bei ya chini sana. Katika hatua zote hizo sharti lilibaki lile lile: mashine huelewa sauti za aina iliyofundishwa.

Sharti hilo ndilo linaloamua nani atanufaika Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Lugha ya nyumbani kwa wengi huko ni Lhukonzo, na upande wa mpaka wa Mpondwe biashara na Wakongo huendeshwa pia kwa Kiswahili, lugha ambayo katiba ya Uganda iliitambua kuwa rasmi ya pili mwaka 2005. Kiswahili, Kiganda na Kinyarwanda vimeingia katika Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti ulioanza mwaka 2017. Kinyarwanda pekee kina zaidi ya saa 2,000. Lakini tuangalie sauti hizo hupatikana vipi. Kwa kawaida anayejitolea husoma sentensi iliyoandikwa kwenye kioo cha simu, kisha wengine husikiliza na kuikubali au kuikataa. Asiyeona huenda asiweze kuisoma sentensi hiyo. Mwenye mtindio wa ubongo ambaye matamshi yake ni mazito anaweza kukataliwa na msikilizaji asiyemzoea. Hivyo walengwa wa msaada huchujwa mapema, kabla programu haijaundwa.

Wapo watakaosema kwamba simu janja ni ghali, umeme hauaminiki, na wazungumzaji wa Lhukonzo ni wachache mno kuivutia kampuni yoyote. Ni kweli, ila bei ya simu hushuka hata bila juhudi zetu, ilhali sauti zisizorekodiwa hazijileti zenyewe. Kuhusu uchache, Dragon iliwahudumia watu kwa kujifunza sauti ya mtumiaji mmoja mmoja, na mradi wa Euphonia wa Google, uliotangazwa mwaka 2019, umefuata njia hiyo kwa wenye matamshi yaliyoathiriwa na maradhi. Uganda iliridhia mwaka 2008 mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaodai wafikiwe na teknolojia ya mawasiliano. Basi kazi ya kurekodi Lhukonzo na Kiswahili cha mpakani iwatangulize wenye ulemavu wenyewe, wakirudia sentensi wanazosomewa pale wasipoweza kusoma. Programu itakayomwelewa mwenye matamshi mazito huenda isipate shida kubwa kumwelewa jirani yake. Kinyume chake tumeshakiona.