Deni la Wamara: Juu ya Kufufua Hadithi ya Wasafiri wa Nyota

Nyakahanga ni kata moja ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, isiyo mbali na mji wa Kayanga. Wageni wengi waijuao huijua kwa hospitali yake ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Huko, kama katika Karagwe yote na katika Kyerwa iliyogawanywa kuwa wilaya ya peke yake mwaka 2012, Kinyambo ndiyo lugha ya jikoni na ya shambani, na Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya soko. Si mahali ambapo mtu angetazamia kukuta jibu la swali lililowashughulisha watazamaji wa televisheni wa Marekani kwa zaidi ya nusu karne: je, mfululizo wa kale wa hadithi za kisayansi, uliokwisha kuzikwa, ufaa kufufuliwa? Hata hivyo jibu lipo. Limo katika hadithi ya Wamara, ambayo ni kongwe kuliko televisheni na kuliko Marekani yenyewe.

Katika masimulizi ya Karagwe na ya Buhaya, Wamara alikuwa mtawala wa Bachwezi. Siku moja yeye na wenzake, na miongoni mwao Mugasha, Irungu, Kagoro na Ryangombe, waliingia katika nchi iliyo chini ya ardhi, ambayo mfalme wake alikuwa Kintu. Wasimulizi hutofautiana katika mengi, lakini kiini cha kisa ni kimoja. Kintu aliwapokea wageni kwa heshima, akawapa mifugo na mbegu, akawaruhusu kurudi kwao. Alitaka jambo moja tu, wasimsahau bali wampelekee shukrani. Wakarudi, nchi ikastawi, ng'ombe wakazaana, na Wamara akasahau. Ndipo Kintu alipomtuma Rufu, yaani Kifo, kwenda kudai deni. Na Bachwezi wakatoweka katika uso wa dunia.

Hadithi hii haikuwa maneno ya kupitishia jioni tu. Ruhinda, aliyeanzisha ukoo wa kifalme wa Abahinda, hutajwa katika masimulizi kuwa mwana wa Wamara. Na ndiye aliyetwaa Karagwe kutoka kwa Nono, mwana wa Malija. Israel Katoke, mwanahistoria wa nchi hii, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe kilichotolewa mwaka 1975. Kwa hiyo kila kizazi kilikuwa na sababu ya kuirejea hadithi. Watawala waliirejea kwa kutaka haki ya kiti. Waganga waliopandwa na Bachwezi waliirejea kwa kutaka afya na uzazi. Wapiga enanga waliirejea kwa kutaka sikio la watu. Wamara alikufa, lakini akafufuliwa kila mara. Na hadithi yenyewe ndiyo iliyoweka sharti la ufufuo wake: apokeaye kutoka ulimwengu mwingine hana hatia kwa kupokea, bali ana hatia kwa kusahau.

Sharti hilo lilipata mfano wake katika historia mwezi wa Novemba 1861, wakati John Hanning Speke na James Augustus Grant walipofika katika ikulu ya mfalme Rumanyika. Kwa macho ya Waingereza, Karagwe ilikuwa ulimwengu mpya. Kwa macho ya Rumanyika, wageni ndio waliotoka ulimwengu mwingine, naye aliwauliza mambo yaliyomstahili mtu wa fikira. Speke ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba mfalme alitaka kujua kama jua la leo ni lile lile la jana au kila siku huja jua jipya, na kwa nini mwezi hubadili uso wake. Mwenyeji huyo aliwapa wageni chakula, ulinzi na njia. Akamtunza Grant aliyekuwa mgonjwa wa mguu hata Speke alipotangulia kwenda Buganda. Speke kwa upande wake alilitazama ziwa dogo lililo karibu na ikulu akaliita kwa jina la ziwa la kwao Uingereza. Alipewa nchi aione, naye akaiandika kwa jina la kwao. Hapo ndipo deni huanza.

Baada ya miaka 105, yaani tarehe 8 Septemba 1966, televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mfululizo ulioitwa Star Trek, uliotungwa na Gene Roddenberry. Humo merikebu ya anga yenye mabaharia wa mataifa mengi husafiri kutoka nyota hadi nyota, ikikutana na viumbe wageni. Afisa wa mawasiliano wa merikebu hiyo alikuwa mwanamke mweusi aitwaye Uhura, naye aliigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo lilitoka katika Kiswahili. Nichols alisimulia kwamba alipokwenda kujaribiwa kwa kazi hiyo alikuwa na riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962, iliyohusu Kenya na iliyoitwa Uhuru. Neno likapendwa, lakini mwisho wake ukaonekana mgumu kwa jina la mwanamke, basi irabu ikabadilishwa. Msomi wa Kiswahili hawezi kuacha kutabasamu hapo. Lugha hii haina jinsia ya kike wala ya kiume katika majina yake. Mwanamke aweza kuitwa Uhuru bila kupungukiwa na kitu. Irabu ile ya mwisho ilikuwa desturi ya Ulaya iliyovikwa neno la Afrika.

Kukopa peke yake si kosa. Kiswahili chenyewe kililipata neno huru kutoka Kiarabu, kikaliweka kiambishi chake, kikalifanya lake kwa kulitumia katika mambo mazito. Tanganyika ilililia neno hilo hata tarehe 9 Desemba 1961, na Zanzibar na Kenya zikalitamka mwaka 1963. Lilipofika Marekani mwaka 1966 lilikuwa bado na joto la mikutano ya hadhara. Tena katika sehemu ya kwanza kabisa iliyoonyeshwa, Kiswahili kilisikika. Lakini kilitamkwa na kiumbe mla watu, aliyejigeuza sura ya mwanamume mweusi ili amnase Uhura. Mwaka 1967, katika sehemu nyingine, Uhura alifutwa kumbukumbu na mashine, na alipokuwa akifundishwa upya kusoma Kiingereza, Kiswahili ndicho kilichomtoka kinywani. Wenye lugha hawakuyaona hayo. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara haikupata kituo chake hata mwaka 1994. Katika Nyakahanga ya 1966 neno uhuru lilijulikana, ila hapakuwa na chombo cha kumwonyesha mtu jinsi lilivyokuwa likisafiri kati ya nyota.

Mfululizo ule haukudumu. Watazamaji waliandika barua nyingi za kuuombea uhai, ukapewa mwaka wa tatu; kisha mwaka 1969 ukakomeshwa, baada ya sehemu 79. Hapo ndipo swali la ufufuo lilipozaliwa, na tangu hapo limejibiwa kwa vitendo mara nyingi: kwa katuni mwaka 1973, kwa filamu mwaka 1979, kwa mfululizo mpya mwaka 1987, kwa filamu nyingine mwaka 2009, na kwa mifululizo iliyofuata tangu 2017. Lakini kutendwa kwa jambo si ushahidi kwamba jambo hilo lilistahili kutendwa. Yafaa kuwasikiliza wanaopinga.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba kila kazi ya sanaa ni mwana wa zama zake. Star Trek ilizaliwa katika miaka ya vita baridi, ya madai ya haki za weusi wa Marekani na ya uhuru wa Afrika. Ukiitoa humo, wasema, wabaki na mavazi bila mwili. Hoja ya pili ni kwamba wafufuaji ni wafanyabiashara, nao huchimba kaburi kwa kuwa wajua mahali dhahabu ilipozikwa. Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: kila shilingi inayotumiwa kumfufua mfu imenyimwa mtoto ambaye hajazaliwa. Hadithi mpya hukosa nafasi kwa sababu ya kale imeketi kitini.

Hoja hizi ni za kweli, ila ni za kweli nusu. Kazi ya sanaa ni mwana wa zama zake, lakini pia ni ahadi kwa zama zijazo. Uhura wa 1966 alikuwa ahadi ya namna hiyo. Alikaa katika chumba cha uongozi cha merikebu, jambo ambalo lilikuwa geni kwa mwanamke mweusi katika televisheni ya siku zile. Na Nichols alipotaka kuacha kazi, Martin Luther King alimsihi abaki kwa sababu hiyo hiyo. Pamoja na hayo, Uhura hakupewa mengi ya kufanya zaidi ya kupokea na kupeleka habari. Katika mfululizo ule hakutajwa jina lake la kwanza, wala wazazi wake, wala kijiji chake. Alichukua neno kutoka Afrika ya Mashariki, na Afrika ya Mashariki haikupewa chochote. Hilo ndilo deni, na mfululizo ulikufa kabla ya kulilipa.

Kipimo cha ufufuo basi ni hiki: je, hadithi iliyorudi imerudi na shukrani mkononi, au imerudi kuomba mbegu nyingine? Kwa kipimo hicho ufufuo wote haulingani. Filamu ya 1979 ilimrudisha Uhura kitini pake bila kumwongezea asili. Mfululizo wa 1987 ulihamia karne nyingine ukamwacha nyuma, ijapokuwa ulizaa tunda lake: Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, ambaye alivutwa na Uhura tangu utotoni, aliruka mwaka 1992, na mwaka 1993 akaigiza katika sehemu mojawapo ya mfululizo huo. Mwaka 2009 jina la kwanza la Uhura, lililokuwa limebuniwa kitabuni mwaka 1982, lilitamkwa mbele ya watazamaji. Jina hilo ni Nyota. Neno la pili la Kiswahili liliwekwa kando ya la kwanza, na safari hii irabu haikuguswa.

Malipo makubwa zaidi yalikuja mwaka 2022, katika mfululizo uitwao Strange New Worlds. Humo Uhura, akiigizwa na Celia Rose Gooding, ni kijana kutoka Kenya. Wazazi wake walikuwa walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Naye ajua lugha 37, kwa kuwa alitaka kuzungumza na kila mtu kwa lugha yake mwenyewe. Ndiye Uhura yule yule, lakini sasa ana kwao. Nichols alifariki tarehe 30 Julai mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 89. Lau ufufuo usingalikuwapo, Uhura angalibaki milele jina lisilo na nyumbani.

Yaweza kusemwa kwamba deni halijaisha. Wote watatu waliomwigiza Uhura katika kazi zilizotajwa, yaani Nichols, Zoe Saldaña na Gooding, ni Wamarekani, na hadithi bado yatungwa mbali na wenye lugha. Hilo ni kweli, na ni hoja ya kuendelea kulipa, si hoja ya kuzika. Mdeni aliyelipa nusu hafukuzwi mlangoni. Hukaribishwa, akakumbushwa iliyobaki.

Kuhusu mtoto ambaye hajazaliwa, jibu halimo Marekani. Kiswahili hakikungoja kuruhusiwa ili kisafiri nje ya dunia. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, juu ya nchi inayoelea angani na wajumbe wake waliopelekwa pande zote za ulimwengu. Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka 1995, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa, atiwa katika chombo na kurushwa, akafika nchi ya watu walio huru. Jina la nchi hiyo likisomwa polepole ni sentensi kamili: wale ni sisi. Hakuna aliyeeleza vizuri zaidi kwa nini binadamu hutunga hadithi za walimwengu wengine. Kazi kama hizo hazikunyimwa nafasi na Star Trek. Zimenyimwa zaidi na wasomi wake wachache na shule zisizozifundisha.

Na hapo swali lililoanza kama la Wamarekani lawarudia wenyeji. Hadithi ya Wamara nayo yahitaji kufufuliwa. Kinyambo kimeandikiwa sarufi na kamusi kwa juhudi za Josephat Rugemalira, kwa hiyo ghala ya maneno ipo. Lakini ghala si shamba. Mtoto wa Nyakahanga anayemjua Uhura kwa kioo cha simu na asimjue Wamara kwa masikio amepokea mbegu za ng'ambo akazikosa za kwao. Hakosi kwa kupokea, kwa maana hata Wamara hakulaumiwa kwa kuwachukua ng'ombe wa Kintu. Lawama ilimjia baadaye, mifugo ilipojaa zizini, mbegu zilipoota, na hakuna mjumbe aliyetumwa kurudi na neno la shukrani.