Mbio za michakato katika majaribio ya skripti za sheli

Mbio za michakato ni kasoro ya programu ambapo matokeo hutegemea mchakato upi umetangulia, ilhali programu yenyewe haikupanga utangulizi huo. Katika skripti za sheli, kasoro hii huonekana zaidi wakati wa kujaribu mchakato unaoendeshwa chinichini: jaribio hufaulu kwenye kompyuta moja na kushindwa kwenye nyingine yenye kazi nyingi, bila hata mstari mmoja kubadilika.

Chanzo

Alama `&` mwishoni mwa amri, katika sheli ya Bourne (1979) na katika Bash (1989), huanzisha mchakato na kuiacha sheli iendelee papo hapo. Tangu hapo mfumo endeshi ndio unaogawa muda wa prosesa. Skripti inayoanzisha seva na kuipelekea ombi mara moja inaweza kuikuta haijafungua poti.

Ili kuisubiri, wengi huweka `sleep 2` kabla ya ombi. Amri hiyo haiondoi mbio, huzificha tu. Kompyuta ikielemewa sekunde mbili hazitoshi, na ikiwa haina kazi nyingi zinapotea bure. Abiria wa kwenda Mtae aliyeko stendi ya mabasi ya Lushoto hapandi basi kwa kuwa saa imetimia, hupanda likishafika. Jaribio nalo lisubiri tukio, si muda.

Njia za kuepuka

*Kusubiri mwisho.* Namba ya mchakato huhifadhiwa mara tu unapoanzishwa, kwa `pid=$!`. Baadaye `wait "$pid"` husubiri umalizike na kurudisha hali yake ya kumaliza, ambayo jaribio linapaswa kuikagua.

*Kusubiri utayari.* Amri `kill -0` huonyesha tu kwamba mchakato upo. Ni bora huduma yenyewe itangaze utayari, kwa mfano kwa kuandika mstari katika bomba lililoundwa kwa `mkfifo`. Amri `timeout 10 head -n 1 bomba` husubiri mstari huo. Muda ukipita, `timeout` hurudisha 124 na jaribio hushindwa waziwazi.

*Kutenganisha.* Kila jaribio lipate saraka yake kwa `mktemp -d`, ili majaribio yanayokwenda sambamba yasiandike juu ya faili moja.

*Kusafisha.* `trap` ya `EXIT` husimamisha mchakato kwa namba yake. Kuusimamisha kwa jina, kwa `pkill`, kunaweza kuua mchakato wa jaribio jingine.

Uthibitisho

Jaribio kufaulu mara moja hakuthibitishi kitu. Huduma icheleweshwe kwa makusudi kwa kuweka `sleep` mwanzoni mwake, kisha jaribio lirudiwe mara nyingi. Lililoandikwa vizuri litachelewa tu. Lenye mbio litaanguka, na kasoro itajulikana kabla haijawafikia watumiaji.